Kutoka Vituo vya Dola hadi Minara ya Kata: Mawasiliano Hugharamiwa kwa Ajili ya Nani?

Na Mwandishi Wetu, MAELEZO – Dar es Salaam

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayelipwa kwa simu na mteja aliye kijijini anategemea uamuzi uliofanywa mbali na duka lake: mnara ujengwe wapi, na kwa fedha za nani. Swali hilo si geni katika jiji hili.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Ujerumani ilijenga vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Iliazimia kuyaunganisha makoloni yake na Berlin kupitia kituo kikubwa cha Kamina, Togo, bila kutegemea nyaya za baharini ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Tarehe 8 Agosti, 1914 manowari ya Uingereza, HMS Astraea, ilikishambulia kituo cha Dar es Salaam. Mwezi huohuo Wajerumani walikiharibu wenyewe kituo cha Kamina ili kisitekwe.

Uingereza nayo ilikuwa na mpango wake. Mwaka 1912 iliingia mkataba na kampuni ya Marconi wa kujenga vituo kuanzia Uingereza kupitia Misri, Afrika Mashariki, Afrika Kusini na India hadi Singapore. Ilipobainika kuwa baadhi ya mawaziri walikuwa wamenunua hisa za kampuni ya Marconi ya Marekani, Bunge lilifanya uchunguzi na kazi ikachelewa. Vita ilianza mnyororo huo haujakamilika. Kituo cha Leafield, Uingereza, kilifunguliwa mwaka 1921.

Wakati wa vita hiyo, shehena za majeshi zilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Mitambo ya dola zote mbili ilikusudiwa kufikisha amri za mji mkuu kwa magavana na manowari; mpagazi na mkulima hawakuwamo katika hesabu.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, unaanza hesabu mahali pengine: pale ambapo biashara haioni faida. Mnara wa Kariakoo hujilipa kwa wingi wa watumiaji. Mnara wa kata yenye kaya chache huhitaji barabara, nishati na ulinzi uleule, ilhali wateja ni wachache. Ndiyo maana mikataba ya minara 758 iliyosainiwa mwaka 2023 inawataka watoa huduma kujenga, huku Serikali ikichangia ruzuku.

Hata hivyo, gharama ya mnara haiishi siku ya uzinduzi. Mnara uliosimama bila kuwaka haumsaidii mjamzito anayehitaji gari la wagonjwa usiku. Mwananchi ana haki ya kujua kama kata yake imo katika mpango, na akiona mnara umezimika atoe taarifa kwa mtoa huduma na kwa viongozi wa kata yake. Vituo vya dola havikuwa na mwananchi wa kuvisimamia. Minara hii inaye.