Warembo wa kalenda wasiochuja

Kalenda ya ukutani huisha kazi Desemba 31. Mwaka mpya ukiingia hushushwa na kutupwa, wala hakuna anayeililia. Hata hivyo, mwaka 2011 mchoro uliotengenezwa mwaka 1947 kwa ajili ya kalenda uliuzwa mnadani Marekani kwa dola 286,800. Unaitwa “Gay Nymph”, na mchoraji wake ni Gil Elvgren, mzaliwa wa St. Paul, Minnesota.

Elvgren alikuwa bingwa wa pinapu, yaani michoro ya mabinti warembo iliyokuwa ikibanwa ukutani kwa pini. Kwa zaidi ya miaka 25 aliichorea kampuni ya Brown & Bigelow ya mji huohuo wa St. Paul, iliyochapisha kalenda ambazo wafanyabiashara waliwagawia wateja wao. Nyingi ziliishia kwenye kuta za gereji na karakana.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, wanajeshi waliwabeba warembo hao hadi vitani. Ndege ya Memphis Belle ilishambulia kutoka angani ikiwa na mrembo aliyebuniwa na mchoraji George Petty kwenye pua yake. Leo ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi la anga la Marekani, Dayton, Ohio, na mrembo huyo yupo palepale.

Kwa nini warembo hawa hawachuji? Wengi watajibu: mapaja. Jibu hilo halitoshi. Mapaja yamejaa kwenye kila simu, tena bure, na kesho yake yamesahaulika.

Kinachodumu ni kazi ya mkono. Elvgren alianza na wazo, akatafuta binti wa kumchora, akapanga taa na vifaa, akampiga picha, kisha akaingia kazini kwa rangi za mafuta. Kilichotoka hapo ni kisa kizima. Mbwa amezungusha kamba miguuni mwa mwenye kumtembeza. Au sketi imenasa mahali. Binti ametoa macho kwa mshangao, na mtazamaji anajua kilichotangulia na anakisia kitakachofuata.

Wapo wanaosema michoro hii iliwageuza wanawake kuwa pambo la macho ya wanaume. Wana hoja. Elvgren alirefusha miguu na kubana viuno kupita maumbile, na ajali za sketi zilimpata mwanamke daima. Lakini lawama hiyo ikiishia hapo, inawafuta wanawake walioshika brashi wenyewe. Zoë Mozert, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa pinapu, alijitazama kwenye kioo na kujichora. Joyce Ballantyne naye alichora pinapu kabla ya kuchora, mwaka 1959, tangazo maarufu la mtoto wa Coppertone.

Dhuluma kubwa zaidi iliwapata wachoraji. Alberto Vargas, mzaliwa wa Peru, alilipatia jarida la Esquire umaarufu mkubwa kuanzia mwaka 1940. Walipokosana, jarida lilichapisha michoro yake bila kumtaja, na mahakama ya rufaa ikaliunga mkono jarida. Hata jina “Varga”, alilokuwa akitia kwenye kazi zake, likabaki mali ya jarida.

Ndiyo maana anayekutana leo na mrembo wa aina hii kwenye kikombe au fulana asiishie kwenye sketi. Atazame kona ya chini, asome sahihi, na kama haipo aulize ni ya nani.