Muuguzi akimwita mgonjwa "teja"



Mapishi niliyoahidi yatasubiri, leo nina jambo. Najua wengine mtakunja uso, na wengine mtasoma kimya kimya kwa sababu mnaye ndani ya nyumba. Nazungumzia vijana wetu, na mabinti zetu pia, wanaotumia unga. Zaidi nazungumzia namna wanavyopokewa wanapokwenda kutibiwa.

Mwaka jana nilimsindikiza binti wa jirani kituoni. Ana jipu mkononi pale alipokuwa akijidunga, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Muuguzi alimtazama, akamwambia mbele ya kina mama wote waliokaa kwenye benchi: "Nyinyi mateja mnajitakia wenyewe." Kisha akampita, akaita wengine. Binti akavuta buibui lake akaondoka. Nilimfuata mpaka njiani, hakurudi. Jipu lile halikuwa na haja na toba yake, lilikuwa na haja ya kupasuliwa, kusafishwa na kupewa dawa. Likiachwa, sumu huingia kwenye damu na mtu akafa.

Tunasema "teja" kana kwamba ni kabila. Mtu aliyezoea heroini mwili wake umebadilika. Akiikosa kwa saa chache arosto inaanza: jasho, kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Atakula kiapo leo na kesho atauza simu ya mama yake. Mimi siiti hiyo halali, na mwizi ni mwizi. Lakini anapofika mbele ya muuguzi amekuja na ugonjwa, na kazi ya muuguzi ni ugonjwa.

Hapa kwetu kliniki ya methadoni ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015, baada ya Muhimbili iliyoanza 2011. Methadoni ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inakaa mwilini kutwa nzima, arosto haiji, na kwa kipimo sahihi mtu halewi. Anaweza kwenda kazini, akaswali, akalea watoto wake. Kuna wanaosema huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi nawauliza: mwenye kisukari anayechoma insulini kila siku naye amebadilisha nini? Ni kweli wengine watainywa kwa miaka mingi. Ni kweli pia kwamba wapo wanaoinywa na bado wanateleza. Hata hivyo mtu anayenywa dawa kwa kikombe hana haja ya kuazima sindano ya mwenzake.

Na sindano ndiyo habari yenyewe. Visiwani kwetu maambukizi ya VVU kwa watu wote hayafiki asilimia moja, lakini utafiti wa mwaka 2007 uliwakuta wanaojidunga wakiwa karibu asilimia 16. Hawa wana wake, wana waume. Mke aliyetulia nyumbani kwake na mtasbihi wake anaweza kuletewa VVU au homa ya ini na sindano ambayo hajawahi kuiona. Wauguzi wanapotoa sindano safi, kama Mauritius walivyoanza tangu 2006, wanamkinga na yeye.

Nasikia tayari: "Hayo ni mambo ya wazungu, dini haikubali." Basi twende kwa waislamu wenzetu. Iran wanatoa methadoni na sindano safi. Malaysia pia, na Kuala Lumpur dawa hiyo imewahi kutolewa ndani ya msikiti, Masjid Ar-Rahman. Na katika Bukhari kuna kisa cha mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa sababu ya pombe. Aliadhibiwa, ndiyo. Lakini mmoja wa waliokuwepo alipomlaani, Mtume alimkataza, akamshuhudia mlevi yule kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wauguzi wetu wa kiislamu, mnaompenda sana Bibi Rufaida aliyetibu majeruhi kwenye hema Madina, nanyi msome na kisa hicho.

Niseme la wanawake, maana hawa ndio wanaofichwa zaidi. Kijana wa kiume akiwa teja, familia inalia. Binti akiwa teja, familia inafunga mlango. Kwa hiyo haji kliniki, na akishika mimba hafiki hata kupima. Wengine huambiwa waache unga ghafla kwa ajili ya mtoto. Hilo ni hatari, arosto kali inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au mimba ikaharibika. Mjamzito wa heroini huanzishiwa methadoni na kufuatiliwa mpaka ajifungue. Mtoto anaweza kuzaliwa akitetemeka na kulia sana siku za mwanzo, naye hutibiwa. Mama aliyetulia kwenye methadoni kwa kawaida anaruhusiwa kunyonyesha, ila kama daktari ameona sababu nyingine. Mkunga akimtukana mama huyu siku ya kwanza, siku ya pili hatamwona, atamwona siku ya uchungu, usiku, bila kadi.

Ninachotaka si kikubwa. Chumba cha pembeni cha kuzungumzia. Siku au saa za wanawake peke yao kliniki. Dawa iwe karibu zaidi na watu, kwa sababu anayekaa Nungwi akiambiwa aje mjini kila siku, nauli peke yake itamshinda. Na naloksoni, dawa inayomrudisha aliyezidisha heroini, iwepo kila kituo.

La mwisho ni la nyumbani, na litunzeni kwa Ramadhani ijayo. Wengi hujaribu kuacha mwezi mtukufu, Alhamdulillah. Mwili ukikaa wiki nne bila unga unapoteza mazoea. Idi ikifika, akirudia kiasi kilekile cha zamani, kinamuua. Vivyo hivyo kwa anayetoka jela au soba hausi. Ukimkuta haamki, midomo imegeuka rangi, anapumua kwa kukoroma au kwa nadra, usimnyweshe maziwa wala maji, yataingia mapafuni. Mlaze ubavu, kichwa kikiwa nyuma kidogo. Akiacha kupumua mlaze chali, mbane pua, mpulizie pumzi mdomoni, na mtu mwingine atafute gari. Hospitali semeni wazi kwamba ni heroini, msiseme amekula chakula kibaya. Na akichomwa naloksoni akaamka akataka kwenda nyumbani, mzuieni: dawa hiyo huisha nguvu mapema, pengine ndani ya saa moja, na unga bado umo mwilini.