Nuru ya Shimoni na Nuru ya Moyoni



Mwezi huu tuongee juu ya nuru. Sisi watu wa inchi ya shaba tunajua kazi yake. Mchimbaji hashuki bila torshi ya kichwa. Ikizimika kule chini, mikono ingali na nguvu, lakini hajui tena wapi pa kupiga wala wapi pa kupandia.

Je, mulijua kwamba Biblia inaongea juu ya wachimbaji? Fungueni Ayubu sura ya 28. Mule munatajwa feza, zahabu, chuma na shaba. Kuna watu wanaofanya kazi mbali na makao ya wengine, wananing'inia shimoni, wanaingiza mwanga penye giza nzito na kutoa inje vitu vyenye kufichwa. Kazi hiyo ilikuwa ya kweli: katika bonde la Timna, kusini ya Israeli, mashimo ya zamani ya shaba yanaonekana hata leo.

Halafu Ayubu anatoa ulizo zito: hekima inapatikana wapi? Vilindi vinasema haiko kwao. Bahari vilevile. Zahabu haiwezi kuinunua. Ndiyo kusema, mtu anaweza kuwa na mwanga wa kuona jiwe ndani ya mwamba, na bado akakaa kipofu mbele ya bibi yake, watoto wake na Mungu wake.

Jibu liko mstari wa 28. Hekima ni kumwogopa Bwana, na akili ni kuachana na uovu. Angalieni vizuri. Hakusema akili ni kujua siri, ao kuonyeshwa nani anakuloga. Nuru ya Mungu inajulikana kwa miguu: inakutoa ku uovu.

Ninaandika hivi juu ya jambo linaloumiza jamaa zetu. Baba anachimba wiki nyingi, jiwe halionekani, deni linapanda. Anaenda kwa mtu anayejiita nabii, na yule anamwambia: "Nimeona katika roho. Mtoto wako ndiye anafunga shimo lako." Jioni mtoto ananyimwa bukari, anapigwa. Kesho yake analala ku soko.

Ndugu, pima ile nuru. Inakutoa ku uovu, ao inakuingiza? Soma 1 Yoane 2:9-11: anayejidai kuwa nuruni huku anachukia ndugu yake, angali gizani. Soma tena Yoane 9. Wanafunzi waliona kipofu, wakauliza nani alitenda zambi, yeye ao wazazi wake. Yesu hakuwapa mtu wa kulaumu. Alimfungua yule mtu macho.

Shimo likikosa jiwe, sababu ziko. Mshipa wa madini unaisha, unapinda, ao maji yanaingia. Mtoto wa miaka saba hasogezi mwamba. Hata sheria ya inchi iko wazi: Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi.

Kijana, ukisikia mkubwa anasema "nimepewa nuru", usiogope kuuliza kwa heshima: "Baba, inatupeleka wapi?"

Na wewe mzazi, kama mtoto wako yuko inje usiku huu juu ya neno la namna ile, usingoje mafundisho mengine. Toka, mtafute, mrudishe, mpe chakula. Kisha ikeni pamoja musome Ayubu 28, na yeye mwenyewe awashikie torshi.

Bwana awape macho ya moyo yenye kuona. Amina.