Chakavu kwa Amri ya Nani?

Sikubali simu ya miaka sita iitwe chakavu. Yangu inawaka, inapokea simu, inapiga picha safi, na kioo hakina hata ufa. Ni programu ya benki tu iliyoikataa. Hakuna kilichoharibika, kuna mtu mahali fulani ameamua.

Wanaosema kwamba hivyo ndivyo teknolojia ilivyo, waitazame VT100. Ni terminali iliyotolewa na kampuni ya Kimarekani ya DEC mwaka 1978: skrini na kibodi vya kuzungumzia na kompyuta kubwa iliyokaa chumba kingine. Picha haikuonyesha. Ilionyesha herufi, 80 kwa mstari, mistari 24. Ukitaka, ilizibana zikatosha 132. Iliweza kuzikuza mara mbili, na kuyapandisha maandishi taratibu badala ya kuyarusha mstari mzima kwa pamoja. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel 8080, basi.

Leo hii chukua VT100 iliyo nzima, iunganishe kwa kebo ya siriali na kompyuta yenye Linux, na utafanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu ilifuata kanuni za ANSI, zilizochapishwa wazi. Escape, mabano ya mraba ya kufungulia, 2, kisha J: skrini inafutika. Amri hiyohiyo bado inafuta dirisha la terminali kwenye laptopu ya Linux au Mac. DEC yenyewe ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, Compaq nayo ikamezwa na Hewlett-Packard mwaka 2002. Kampuni imezikwa, lugha yake inazungumzwa.

Nitaambiwa simu ya zamani ni hatari, wezi wa mtandaoni wataingia. Hofu hiyo ni ya kweli. Basi kampuni ikichoka kuilinda simu iliyoniuzia, iachie msimbo na funguo zake ili mafundi wengine wailinde. Ikizifungia kabatini, isiniambie inanilinda, inanirudisha dukani.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Sawa, tupende vipya. Ila siku ya kununua, kabla ya kuuliza megapikseli, tuulize: kikiachwa na aliyekiunda, kitaendelea kuishi? Muuzaji akikosa jibu, ajue kwamba hatuuzii, anatukodisha. Basi atutoze bei ya kukodi.