Pikap ya ekipi ya barabara: kabla ya kuuliza marke, uliza watu, mazutu na piyesi

Mvua inaporudi upande wetu wa Grand Nord, kazi ya kwanza inayoonekana barabarani si ya mashine kubwa. Ni ya watu wenye mapawu na bruweti, wanaozibua mifereji na kujaza mashimo kwa mawe kati ya Butembo na Lubero, ao kwenye vile vibarabara vya mashamba vinavyopanda milimani. Wengine wanafanyia kazi Office des Routes, wengine OVD ndani ya mji, wengine wako katika zile kamati za wenyeji za kutunza barabara zinazoitwa CLER. Na wote, siku pesa kidogo inapopatikana, wanakaa kwenye mkutano na kuulizana swali moja: tununue pikap gani?

Swali hilo limekuwa zito zaidi kuliko zamani. Mwisho wa mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa kwanza 2025 Goma nayo ikafuata. Tangu hapo utawala wa mkoa unafanyia kazi Beni, na barabara ya taifa namba 2 kuelekea kusini haiko tena njia ya kawaida ya bidhaa za Butembo. Piyesi ya gari iliyokuwa inaweza kupanda kutoka Goma sasa inapaswa kutoka Kampala, ipite Mpondwe na kuingia Kasindi. Kwa hiyo anayechagua gari leo anachagua pia njia ambayo piyesi za gari ile zitapita.

Lakini kabla ya piyesi, tuzungumze juu ya watu. Kwenye mikutano mingi hesabu inayofanywa ni ya vyombo: simenti ngapi, mapawu mangapi, bruweti ngapi. Watu hawahesabiwi, juu kila mmoja anajua watapanda tu. Na kweli wanapanda, juu ya simenti, juu ya baramini, wengine wamekaa pembeni ya karoseri miguu ikining’inia nje. Tufanye hesabu hiyo polepole. Watu 10 wa kilo 65 ni kilo 650. Mifuko 6 ya simenti ya kilo 50 ni 300. Pipa moja la maji la lita 200 ni kilo 200. Ongeza vyombo vya kazi, tuseme kilo 80. Jumla ni kilo 1,230. Pikap nyingi tunazozijua zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, na ndani ya tani ile shofere na watu wa kabini wamekwisha kuhesabiwa. Ukiitazama kwa macho gari ile haionekani imejaa. Mifuko sita ya simenti ni kitu gani? Kumbe imekwisha kupita uzito wake kabla haijatoka kwenye depo.

Uzito unaozidi hauvunji gari siku ya kwanza, na hapo ndipo hatari yake. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, Beni iko mamia ya mita chini yake, na Kasindi ni chini zaidi. Kushuka na mzigo wa ziada kunachemsha frein. Halafu pikap za kabini mbili ziko na karoseri fupi ambayo sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukirundika simenti na watu pale, mbele ya gari inakuwa nyepesi, usukani unacheza, na baada ya miezi shasi inaanza kukunjika pale nyuma ya kabini. Mafundi wa kusoda wa Butembo wanaijua kazi hiyo vizuri.

Kwa maoni yetu, ekipi ya watu 5 inaweza kununua kabini mbili bila wasiwasi. Ekipi ya watu 10 isijidanganye. Kununua kabini mbili na kuwaweka watano nyuma ni kununua ajali ya kesho kwa bei ya leo. Heri gari iliyofungwa yenye viti vya pembeni, ile Land Cruiser ya hardtop, ibebe watu na vyombo vidogo, halafu simenti na mawe yapande Fuso ya kukodi mara moja kwa juma. Ao pikap ya kabini moja ifanye safari mbili asubuhi. Itakula mazutu zaidi, ndiyo. Lakini mtu aliyeanguka kutoka juu ya mzigo hana mshipi, hana paa, na hospitali haiko karibu na kila kilometa ya barabara ya Lubero.

Sasa tuingie kwenye mazutu, yaani dizeli, juu hapa ndipo gari nyingi mpya zinapofia. Injini za kisasa zinasukuma mazutu kwenye enjekta kwa nguvu kubwa ajabu, zaidi ya bar 1,500. Gurudumu la pikap unalijaza kwa bar 3 hivi. Kwa nguvu ya namna ile, tone la maji ao vumbi isiyoonekana kwa macho inakwangua enjekta kama msasa. Na mazutu yetu tunayajua. Yametoka mbali kwa kamiyo, yakamwagwa kwenye pipa, kutoka pipa yakaingia bidoni, na mwisho yanauzwa kando ya barabara na wale vijana tunaowaita kadhafi. Hatuwalaumu, bila wao ekipi nyingi zingelala porini. Lakini enjekta haijui huruma.

Kuna kichekesho kidogo hapo. Mwaka 1987, jeshi la Chad lilishinda jeshi la Kadhafi mwenyewe kwa pikap za Toyota zilizokuwa zinakimbia jangwani kuliko vifaru, na vita ile ikabaki na jina la Toyota. Leo kwetu ni kadhafi wa bidoni ndiye anayeshinda Toyota mpya.

Njo maana Land Cruiser ya aina ya 79 ingali inatafutwa sana, ijapokuwa sura yake ni ya zamani. Familia ile ya 70 ilianza kuuzwa 1984. Injini yake inayojulikana zaidi huku, 1HZ, ni ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo, na imekuwepo tangu 1990. Pampu yake ni ya chuma na springi, haiko na ordinateri ya kuamua kama gari itawaka ao haitawaka. Fundi mwenye funguo nzuri anaweza kuifungua kando ya barabara. Mazutu mabaya yanaiumiza pia, tusidanganyane, lakini inavumilia, na ikiumwa inatoa moshi na kelele kwanza. Gari yenye ordinateri inaweza kuzima tu, taa ya njano inawaka, na hakuna mtu kati ya Butembo na Mangurujipa mwenye mashini ya kusoma taa ile.

Ubaya wake? Ni ghali sana ikiwa mpya. Kupanda mlima inapanda polepole. Inakunywa: kwenye barabara mbovu lita 14 kwa kilometa 100 ni jambo la kawaida, na vidanje moja inameza karibu lita 10 za mafuta ya injini. Kamati isiyokuwa na bajeti ya mafuta itaiegesha chini ya mwembe. Tena, tangu mwaka 2023 Toyota imeanza kuuza aina ya 70 yenye injini nyingine, ya lita 2.8 ya turbo. Jina ni lile lile, uso karibu ule ule, lakini tumbo si lile. Anayenunua mpya aulize injini gani iko ndani, na aandikiwe kwenye fakture.

Kuna ubaya mwingine ambao mwuzaji hatautaja. Huku kwetu, ambako hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa tangu mwezi wa tano 2021 na vikundi vya silaha vingali porini, gari ile inapendwa na kila mtu mwenye bunduki. Kitu kinachoifanya iwe nzuri kwa ekipi ya barabara kinaifanya iwe nzuri kwao pia. Ekipi inayofanya kazi kwenye mihimili ya hatari ifikirie jambo hilo kabla ya kufurahia. Wako wanaopendelea gari ya chini zaidi, ya rangi mbaya, isiyotamanisha mtu. Si mawazo ya woga.

Hilux ndiyo chaguo la pili, na kwa ekipi ndogo tunaweza kusema ndiyo la kwanza. Inakunywa kidogo, piyesi zake zimejaa Butembo na Kampala, kila kwado amekwisha kufungua gurudumu lake. Ila kuna Hilux na Hilux. Zile za zamani zenye injini ya lita 3 bila turbo zinavumilia kama nduguye mkubwa. Zile za kuanzia 2015, zenye injini za 2.4 na 2.8, zina nguvu na ni nzuri barabarani, lakini ziko na ile enjekta ya bar nyingi. Ukiinunua, nunua pia filtri mbili za akiba, weka filtri ya pili ya kutenga maji, na shofere amwage maji ya filtri kila juma bila kungoja taa. Mazutu ya bidoni yapite kwenye kitambaa safi na kutulia kabla ya kuingia kwenye tangi. Ni kazi ya dakika chache.

Jihadhari zaidi na pikap iliyotoka Ulaya kwa okazyo. Kule magari ya dizeli ya miaka hii yamefungwa filtri ya masizi kwenye bomba la moshi, na yanahitaji mazutu yenye salfa kidogo sana. Kwa mazutu yetu na safari fupi za polepole, filtri ile inaziba na injini inakosa nguvu. Pikap ya jina lile lile iliyotengenezwa kwa soko la Afrika mara nyingi haina kitu kile.

Isuzu D-Max ni gari ya kazi kweli kweli, inaundwa Afrika Kusini na Kenya, na injini yake ya lita 3 inasifiwa na wengi. Ford Ranger inatoka Pretoria, ina nguvu na starehe, lakini ordinateri ni nyingi, na tusingemshauri mtu wa Lubero. Pikap za Kichina zinavutia kwa bei. Kwa hizo swali ni moja: nenda kwa wauza piyesi watatu wa mjini, uombe diski ya embreyaji na bomba la maji la gari ile. Wakikutazama tu, umekwisha kupata jibu.

Njia ya Mombasa na Kampala inaleta jambo lingine. Kenya na Uganda wanaendesha upande wa kushoto, na magari yao yana usukani upande wa kuume. Sisi tunaendesha upande wa kuume. Kwenye barabara nyembamba, shofere wa usukani wa kuume anayetaka kupita kamiyo haoni kinachokuja, anamtegemea mwenzake wa kushoto amwambie. Kati ya Kasindi na Beni, ambako kazi za lami za mradi uliozinduliwa 2021 na serikali za Kongo na Uganda zimebadilisha mwendo wa magari, kosa dogo la kupita linakuja kwa kasi kubwa zaidi kuliko enzi za matope. Ekipi ambayo gari yake inasimama na kuondoka barabarani mara ishirini kwa siku itafute usukani wa kushoto, hata ikiwa itangoja.

Gari ya okazyo isinunuliwe na mwenyekiti na mtunza sanduku peke yao. Waende na shofere atakayeiendesha na fundi asiyekula na mwuzaji. Gari iwashwe ikiwa baridi, si ile iliyokwisha kupashwa moto asubuhi kabla wageni hawajafika. Kifuniko cha mafuta kifunguliwe: ukikuta povu nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye injini. Mtu alale chini atazame shasi, hasa nyuma ya kabini, kama kuna soda mpya iliyopakwa rangi. Namba ya shasi ilingane na karatasi za DGDA, herufi kwa herufi. Kisha, na hili wauzaji hawalipendi, ipakiwe mzigo wa kweli na ipande mlima mmoja mrefu. Baada ya kushuka, mtu aguse rimu kwa uangalifu asikie kama frein moja imechemka kuliko nyingine.

Wafadhili wakitoa gari, kamati iombe maandishi juu ya nani atalipa matairi. Pikap inayofanya kazi kwenye mawe ya Lubero inamaliza matairi haraka, na mradi wa miaka miwili unaweza kufunga ofisi siku chache kabla matairi ya pili hayajahitajika. Tumeona kwenye parselle nyingi pikap nzima, injini nzima, ikiwa imekalia matofali manne.