Muhuri wa mwenyekiti na "wakombozi" wa nyumba



Huku Suguti na vijiji vya Majita watu hukopa kununua nyavu, injini ya mtumbwi, mtaji wa dagaa, hata kulipa ada ya shule. Dagaa wakiadimika, mkopaji hubaki na notisi mkononi. Hapo ndipo anapojitokeza "mkombozi".

Mkombozi hana ofisi. Ana pikipiki na maneno matamu, na humjua anayedaiwa pengine kabla mke wa mdaiwa hajajua. Ahadi yake ni nyepesi: atalilipa deni lote, arudishiwe kidogo kidogo, nyumba ibaki kwa mwenyewe. Lakini karatasi inayowekwa mezani haisemi mkopo. Inasema mauziano. Mashahidi hutia dole gumba, mwenyekiti hupiga muhuri, kazi imekwisha.

Kwa nini mauziano? Kwa sababu rehani ina masharti. Sheria ya Ardhi ya 1999, ilivyorekebishwa 2008, humpa mdaiwa notisi ya siku 60. Mnada wa ardhi sharti utangazwe siku zisizopungua 14. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria humdhania mkopeshaji kuwa amekiuka wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, na ni juu yake kujitetea. Aliyetia saini mauziano amejivua kinga zote hizo kwa mkono wake. Kwa mujibu wa karatasi ile, anaishi nyumbani kwake kwa hisani ya mtu mwingine.

Tapeli ni tapeli. Lawama za barua hii zinawaendea wenye mihuri. Wako wenyeviti ambao bado hudai ile asilimia 10 ya bei kwa kila mauziano, ingawa serikali imeikemea mara nyingi. Anayelipwa kwa kila muhuri ataulizaje muuzaji anahamia wapi? Tena ardhi ya kijiji haiuzwi kwa idhini ya mwenyekiti peke yake. Inataka halmashauri ya kijiji, na mahakama zimebatilisha mauzo yaliyoiruka. Nyumba ya familia nayo, tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua nzuri, ila mkombozi mwenye pikipiki hayumo katika orodha hiyo, japo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamhusu naye. Marekani, baada ya nyumba nyingi kunadiwa, ilitoa kanuni mwaka 2010: mkombozi hapokei senti mpaka mwenye nyumba apate kwa maandishi nafuu kutoka kwa mkopeshaji wake, na aikubali.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama hazihitaji kusubiri Bunge. Ziwaagize viongozi wa vijiji na mitaa wasigonge muhuri kwenye mauziano ya nyumba ambayo muuzaji anabaki kuishi humo, mpaka mwenza wake ahojiwe na malipo yaonekane benki au kwenye simu. Majina ya wakopeshaji wenye leseni yabandikwe kila ofisi ya kata, pamoja na namba za watoa msaada wa kisheria wa bure wanaotambuliwa na sheria ya 2017.

Msomaji,
Suguti, Musoma Vijijini