Bakora Haimfundishi Mbwa Adabu

Pita Raskazone au Chumbageni, hapa Tanga mjini, jioni, usome mageti: "Hatari, Mbwa Mkali." Ukimuuliza mwenye nyumba mbwa huyo amepataje ukali, atakupa jibu ambalo utalisikia pia Ngamiani, Pangani na Muheza. Mbwa wa ulinzi hufungwa mnyororo mchana kutwa asizoee watu. Hutiwa pilipili kwenye ugali ili awe na hasira. Siku akimgeukia mwenyewe, hupigwa bakora mpaka amjue bwana wake ni nani. Watu wazima, wenye akili zao, huyasema haya kwa uhakika wa mtu anayesema jua huchomoza mashariki. Mimi nasema ni uongo, tena ni uongo unaoua.

Mbwa anayemuuma mtu anayemlisha hafanyi hivyo kwa kiburi. Mara nyingi ana hofu, au ana maumivu, au ameshtuliwa akila au akiwa usingizini, au bado ni mtoto na hajajua meno yake yana makali kiasi gani. Huku kwetu pwani, kwenye joto na unyevu, kupe hujaa masikioni, sikio huoza kwa ndani, na kamba ya shingoni humkata ngozi taratibu bila mtu kuona kwa sababu manyoya yamefunika. Kijana wa nyumba anakwenda kumshika kichwa, mkono unatua pale pale panapouma, mbwa anageuza meno. Nyumba nzima inasema mbwa kakosa adabu, na bakora inaletwa. Hakuna aliyeinua sikio lile akatazama ndani.

Ajabu ni kwamba Tanga ndio mji wa kwanza uliopaswa kulielewa hili. Tuna chuo cha mifugo Buhuri. Tuna wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ambao hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba ng'ombe aliyepigwa kabla ya kukamuliwa hubana maziwa. Mfugaji huyo huyo, akitoka bandani amemsemesha ng'ombe wake kwa upole, anapita kwa mbwa na kumtandika teke kwa sababu kamngurumia. Kwa ng'ombe anajua kwamba hofu huharibu kazi. Kwa mbwa anaamini hofu ndiyo kazi yenyewe.

Bakora inafanya nini hasa? Mwaka 2009 daktari wa mifugo Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti wa wafugaji 140 waliokuwa wamepeleka mbwa wenye matatizo ya tabia kutibiwa. Miongoni mwa waliowahi kumpiga mbwa au kumpiga teke alipokosea, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Hiyo ni karibu nusu. Mtu ananunua ugomvi kwa mkono wake mwenyewe, halafu anasema damu ya mbwa huyu ni mbaya.

Kuna jambo jingine ambalo bakora hulifanya, nalo ndilo linalonitisha zaidi. Mbwa hutoa taarifa kabla ya kuuma. Hukakamaa mwili, hugeuza uso pembeni, hujilamba midomo, hukunja pua, kisha hunguruma. Ule mngurumo ni hisani: anakuomba usogee ili asilazimike kufika mbali. Sisi tunaupiga. Mbwa anayepigwa kila anapongurumia watu hujifunza kunyamaza tu, na hofu yake inabaki pale pale ilipokuwa. Siku ikifika anauma bila kutoa sauti, na watu wanasema kawageukia ghafla. Haikuwa ghafla hata kidogo. Onyo tulilizima wenyewe.

Imani hii ya kwamba lazima mbwa "amjue bwana" haikuzaliwa Tanga, na wazungu nao waliibeba miaka mingi. Chanzo chake kimoja ni maandishi ya mwaka 1947 ya Rudolf Schenkel, aliyewatazama mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wakigombania ukubwa. David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliisambaza picha hiyo, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Waliokuwa wakipigana kule Basel walikuwa wafungwa waliosongamanishwa mahali pamoja. Aliyeisambaza ameirekebisha, sisi tumeing'ang'ania.

Sasa mtoto wa mbwa. Mtu anapewa kijibwa cha wiki nne au tano, hata ugali hajaujua vizuri, anamfunga chini ya mwembe. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kilichotokana na miaka ya kuchunguza mbwa, walionyesha kwamba kipindi cha kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ndicho mbwa anapojifunza nani ni mwenzake na nini si cha kuogopa. Katika wiki hizo hizo, akicheza na ndugu zake, hujifunza kipimo cha meno: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Sisi tunamtoa kwenye darasa hilo kabla halijaanza vizuri, kisha tunamwadhibu kwa kutojua walichofundishwa wenzake.

Kijibwa kikikung'ata kwenye mchezo, fanya kile ambacho ndugu zake wangefanya. Katisha mchezo. Simama, usimtazame, usimsukume kwa mikono maana kwake huo ni mchezo mpya, ondoka dakika moja urudi. Mpe kitu cha kutafuna kinachoruhusiwa: kipande kinene cha kamba ya mkonge kilichopigwa fundo kinatosha, ukikitupa kikianza kuchambuka asije akameza nyuzi. Watoto wasimchezeshe kwa vidole wala kwa pindo la kanga. Nyumba nzima ishike utaratibu mmoja, kwa sababu mjomba mmoja anayefurahi kung'atwa mkono anabomoa kazi ya wiki nzima. Na mbwa mkubwa aliyeanza kuuma apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo akatazamwe masikio, meno, ngozi na viungo. Aachwe ale peke yake. Asiamshwe kwa kuguswa, aitwe jina kwanza.

Najua hoja itakayokuja: wezi. Watu wameibiwa mbuzi, wameibiwa pikipiki, na mbwa mpole atafanya nini? Hoja hii naiheshimu kwa sababu hofu ya wizi ni ya kweli. Lakini kazi ya mbwa wa nyumbani ni kubweka usiku akuamshe, na mbwa hubwekea mgeni kwa sababu anawajua wenyeji. Ukimfanya aogope kila mwenye miguu miwili, umemnyang'anya uwezo wa kutofautisha mwizi na mwanao. Mwizi anaujua urefu wa mnyororo na atapita pembeni yake. Anayeingia ndani ya duara la mnyororo huo kila siku ni mtoto aliyetumwa kupeleka maji na ugali. Pilipili nayo inauchoma mdomo na tumbo la mnyama, basi. Hakuna ulinzi unaotoka humo. Watazameni wakulima wa Mkinga na Handeni wanaokwenda na mbwa shambani kukimbiza nguruwe pori na nyani. Mbwa yule hana mnyororo na anarudi akiitwa. Mbwa anayemwogopa mwenyewe harudi akiitwa.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni ya dini. Mbwa ni najisi, kwa nini tumbembeleze? Mimi ni mtu wa pwani na silifanyii mzaha jambo hili. Kwa madhehebu ya Kishafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo inahusu twahara. Haijampa mtu ruhusa ya kutesa. Waislamu wote wanaijua habari ya aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Surat Al-Maida, katika aya ya nne, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na kufunza ni kazi ya subira. Unaweza kumtunza mbwa nje ya nyumba yako, ukalinda swala yako, na usimpige. Kisheria pia, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huu, hata kama mtaani hatuisikii ikitajwa.

Nilisema uongo huu unaua. Mojawapo ya dalili za mwanzo za kichaa cha mbwa ni kubadilika tabia: mbwa mpole anakuwa mkali, anamuuma mwenyewe bila sababu inayoonekana. Nyumba iliyozoea kuita kila jino kiburi itachukua bakora, itamtandika, na jeraha la mtoto litapakwa mafuta ya taa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani. Kwa Tanzania makadirio ya watafiti yametaja vifo kama 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo karibu kila mtu anaweza kuokolewa: osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, anza sindano, uzimalize. Usiseme "mbwa wangu namjua". Usiseme "bado mdogo", kwa sababu vijibwa navyo hupata kichaa.

Na msimuue kwa mawe. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate alipouma huugua au hufa ndani ya siku kumi hivi, kwa hiyo mbwa anayeweza kufungiwa salama hutoa jibu, huku aliyeumwa akiwa tayari ameanza tiba. Akifa, ubongo ndio unaopimwa maabara. Kichwa kilichopondwa na umati hakimwambii daktari lolote.

Ng'ambo ya mkondo, ndugu zetu wa Pemba wameonyesha njia. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliufuta ugonjwa kisiwani kufikia 2014. Ukarudi 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, ukatoweka tena 2018. Kipimo kinachotajwa na wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Lakini mbwa hachanjwi kwa mbali. Lazima mtu amshike, na mbwa aliyelelewa kwa mnyororo na bakora hashikiki, hata na mwenyewe. Siku ya chanjo anabaki bandani, mwaka baada ya mwaka, na yeye ndiye mwenye mdomo wa hatari kuliko wote mtaani.

Kwa hiyo ninaiomba Halmashauri ya Jiji la Tanga, na wilaya za Mkinga, Muheza na Pangani: tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ofisa mifugo wa kata asiondoke baada ya kuchoma sindano. Apewe muda wa kumwonyesha kila aliyemleta mbwa jinsi ya kumshika bila kumkaba, jinsi ya kutazama sikio, na maana ya mngurumo. Na waalikwe pia wale ambao mbwa wao hawaletiki. Kwao ofisa aende nyumbani.